Kijiko Kikigongwa Mara Mbili

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ya Fundi Saa,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, kiti nimekifanya meza, kwa sababu meza yenyewe imejaa nguo zinazosubiri pasi. Vumbi la huko kambini linakutendeaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema mgongo unakuuma kila mnapomwaga lami, na kwamba daktari alikuambia upumzike ukamcheka. Tafadhali, Mjomba, usimcheke daktari. Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Na Mkaza Mjomba alipokuja kukutembelea, alikukuta umenenepa au umebaki mifupa na kofia?

Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Mimi nilikuwa na mafua, sasa yanaisha. Siku zote huwa nakuandikia kwamba hatujambo, kisha nakueleza vitabu nilivyosoma. Leo sina kitabu cha kukueleza. Mjomba, naogopa. Nimeogopa tangu mwezi wa kumi mwaka jana, ila hofu hiyo nilikuwa nimeizoea. Tangu Alhamisi iliyopita haizoeleki tena.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni moja, ni ya Mama, na chumba chetu unakijua: mtu akipiga chafya kwenye kitanda kimoja, wa kitanda cha pili anafuta uso. Halafu mimi kwenye simu huwa nasema "ndiyo" na "sawa" tu mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta na kuanza upya.

Mkahawa anaopika Mama hujawahi kufika, basi nikuonyeshe. Una meza sita zenye vitambaa vya plastiki vyenye picha za matunda, na vimefutwa sana hadi machungwa yamegeuka ndimu. Meza ya pembeni ina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne. Hiyo ndiyo meza yangu. Mlango hufunguliwa kwa wateja saa moja kasorobo asubuhi, na ikifika saa tano viti vimeshapandishwa juu ya meza. Hakuna chakula cha mchana. Wanauza kifungua kinywa tu: chai, uji, maharage, mkate wa kuchoma na mayai.

Chai na uji hupikwa kwenye jiko la mkaa uani, na mlango wa uani hufungwa ili moshi usiingie. Mayai na mkate hupikwa ndani, nyuma ya kaunta, kwenye jiko la gesi. Madirisha hayafunguliwi kabla ya saa mbili, kwa sababu asubuhi malori hupita mengi na mwenye mkahawa hataki chembe ya vumbi itue kwenye vikombe vyake. Ndiyo maana watu humwita Bwana Vumbi. Yeye mwenyewe huja saa tatu, anapitisha kidole juu ya kila kitu, anakitazama kidole, anashusha pumzi.

Mimi ndiye mteja wa kwanza kila siku ya shule. Naingia kwa mlango wa uani saa kumi na mbili na dakika chache, nakula, nasoma kidogo, kisha natoka kwenda darasani. Mjomba, hakuna mwanafunzi shuleni kwetu anayekula vizuri asubuhi kama mimi. Yai lenye ukingo wa kahawia na kiini kinachotetemeka, mkate uliopakwa siagi hadi kwenye kona, uji mwepesi unaoteremka wenyewe. Tangu mwezi wa kumi sijafurahia hata kifungua kinywa kimoja. Sasa nitakuambia sababu, na nikikuambia nitakuwa nimevunja kiapo.

Unaijua pua ya Mama. Wewe ndiye uliyenisimulia alivyokunusa sigara ukiwa bado uko getini, akiwa na miaka tisa tu, akaenda kukusemea kwa Bibi kabla hujavua viatu. Kazi yenyewe aliipata kwa pua. Baada ya Baba kufariki alipokwenda kuomba, Bwana Vumbi alimwekea vikombe vitatu vya maziwa vilivyofunikwa kitambaa, akamwambia aseme bila kuonja ni kipi cha leo, kipi cha jana na kipi kiko njiani kuharibika. Mama akapata vyote. Bwana Vumbi akasema macho hudanganywa na ulimi huchelewa, mkahawa wake unaendeshwa kwa pua. Mpishi aliyemtangulia Mama alikuwa ametoa maziwa yaliyochacha siku moja tu. Alivuliwa aproni mbele ya wateja.

Mwezi wa kumi Mama alishikwa na yale mafua makali niliyokuandikia. Homa ikapita, kikohozi kikapita. Pua haikurudi.

Hakuniambia. Niligundua mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa natafuna mkate huku nimeinamia kitabu, nikasikia harufu ya kuungua. Nikainua macho. Mkate mwingine ulikuwa unafuka moshi kwenye jiko, na Mama alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo, amegeuka, anakata vitunguu na kuimba. Nikadhani ana mawazo. Kesho yake uji wangu ulikuwa mchachu. Nikamwambia, "Mama, maziwa yameharibika." Akaiinamia sufuria, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayechota maji kwenye kisima kirefu, akainuka.

"Yameharibika kweli?" akaniuliza.

Mjomba, aliniuliza mimi. Mama, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kumwuliza mtu yeyote habari ya harufu.

Akaketi kwenye meza yangu, ikayumba. Akasema hasikii kitu, si kitunguu, si sabuni, si jasho lake mwenyewe. Alisema dunia imekuwa kama picha ya chakula kwenye kalenda. Kisha akanishika mikono yote miwili, akaniapisha nisimwambie mtu: si Bwana Vumbi, si jirani, na hasa si wewe, kwa sababu utaacha kazi yako uje. Nikaapa. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia huapa haraka.

Hapo ndipo tulipoanza kugonga kijiko.

Mama hufungua mtungi wa gesi saa kumi na mbili kamili. Mimi nikifika nasimama karibu na jiko, nanusa. Nanusa maziwa, nanusa mayai yaliyovunjwa bakulini, nanusa maharage ya jana. Kisha nakwenda mezani kwangu na kugonga kikombe kwa kijiko. Mara moja maana yake kila kitu ni salama, washa jiko. Mara mbili maana yake simama. Hatusemi neno, kwa sababu muuza maziwa huingia na kutoka uani, na kuta za mkahawa ni nyembamba. Mama akisikia mlio mmoja ndipo huchukua kiberiti, na kitu cha kwanza anachokaanga ni yai langu.

Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Nilizuia maziwa mara nne na mayai viza mara mbili. Siku moja niligonga kwa sababu ya kitambaa kilichokuwa kinaungua chini ya sufuria, na Mama akanikonyeza kama vile sote wawili ni majambazi. Unaniita Kasuku Bubu, Mjomba, kwa sababu nasoma kila kitu na sisemi kitu. Hatimaye nilikuwa nimepata kazi inayomfaa bubu.

Kisha mwalimu wa sayansi akatufundisha habari za gesi. Alisema gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi kiwandani, ili ikivuja watu wajue, kama vile mnyama anavyofungwa kengele shingoni. Darasa zima likaandika. Mimi kalamu ilisimama. Nilikuwa nafikiria Mama, peke yake, madirisha yamefungwa, na kengele inayolia ambayo haisikii.

Tangu siku hiyo nilikuwa nakula nikiwa nimegeuza kiti nitazame jiko. Nilihesabu hatua kutoka jikoni hadi mlango wa mbele, ni kumi na moja. Kutoka kwenye meza yangu ni sita. Usinicheke, lakini nilianza kulala na dirisha la chumba chetu wazi, na mbu wakafaidi.

Sasa Alhamisi.

Niliamka pua zote mbili zimeziba. Kichwa kilikuwa kizito, na sauti ilikuwa imekauka hadi nikawa nanong'ona tu. Mama alikuwa ameshatoka. Nikajifunga shali, nikaenda mkahawani, nikasimama karibu na jiko kama kawaida na kuvuta pumzi. Sikusikia kitu. Nilijua kabisa kwamba sikusikia kitu kwa sababu pua zimeziba, na si kwa sababu hakuna kitu. Nilipaswa kumwambia.

Sikumwambia. Nimejiuliza siku tatu kwa nini. Mama alikuwa anaingia na kutoka uani na sufuria ya uji, macho mekundu kwa moshi, na alikuwa ananisubiri. Nikimwambia pua yangu imekufa leo, asubuhi yote ingeanzaje? Niliona aibu pia, kana kwamba nimekwenda kazini bila nguo. Halafu miezi mitano tumeishi bila gesi kuvuja hata siku moja. Basi nikakaa mezani kwangu nikagonga kikombe mara moja.

Mara moja, Mjomba. Nimekwambia maana yake.

Kilichotuokoa mwanzoni ni kwamba sikuwa na hamu ya kula. Mama alipoonyesha yai, nikatikisa kichwa. Akaniletea uji kutoka uani, akanigusa paji la uso, akasema "Pole mwanangu, leo usiende shule," akarudi kwenye mkaa wake. Kama ningetaka yai, nisingekuwa naandika barua hii.

Saa moja kasorobo Mama akafungua mlango wa mbele. Mteja wa kwanza akawa fundi cherehani wa duka la pili, mwanamume mfupi wa maneno marefu, ambaye watu humwita Sindano kwa sababu hapiti bila kuchoma. Kazi yake kila asubuhi ni kukitukana chakula cha Mama kisha kukimaliza. Siku moja husema chai imepikwa kwa maji ya mvua, siku nyingine husema mkate ni soli ya kiatu. Nyuma yake alikuwa muuguzi ambaye huja kula uji akitoka zamu, ila yeye alikuwa bado amesimama kizingitini anakung'uta viatu.

Sindano akaingia hatua tatu, akakunja uso.

"Ala! Dada mpishi, leo umetupikia mayai viza?"

"Asubuhi hii umeanza?" Mama akasema. "Hata salamu hakuna?"

"Salamu nitatoa wapi na pua nimeziba kwa vidole? Profesa, wewe umekaa humu unasomaje?" Profesa ni mimi.

"Wewe hata ukipewa pilau la arusini utasema lina mchanga," Mama akamjibu, anacheka. "Mawili ya kukaanga, au leo umefunga?"

"Mawili. Lakini si hayo yanayonuka!"

Mama alicheka, Mjomba. Alicheka vizuri kama mtu ambaye hajacheka wiki nzima. Akanyoosha mkono juu ya rafu akachukua kiberiti, na huku bado anamtazama Sindano ili amjibu, akakisukuma kisanduku kwa kidole gumba.

Mimi nilikuwa nimeelewa tangu aliposema mayai viza. Mwalimu alituambia hivyo hivyo, kwamba harufu ya gesi inafanana na ya mayai viza. Nikafungua mdomo kupiga kelele. Hakuna kilichotoka. Sijui ni mafua au ni hofu au ni ububu wangu wa siku zote. Nilimwona Mama akitoa njiti. Nilihesabu hatua sita na hatua kumi na moja. Miguu haikuwa yangu.

Mkono ulikuwa wangu. Ulikuwa umeshika kijiko.

Nikagonga. Mara mbili. Kisha mara mbili tena, na tena, na tena, kwa nguvu hadi mkono wa kikombe ukakatika na uji ukamwagika juu ya machungwa ya plastiki. Sindano akageuka kunitazama kama mtu aliyepagawa. Mama hakunitazama. Alisimama vilevile, njiti imegusa ubavu wa kiberiti, mkono hausogei. Niliuona uso wake ukipoteza rangi taratibu.

Akairudisha njiti kisandukuni. Akakiweka kiberiti juu ya kaunta kwa upole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

"Tokeni nje," akasema. "Wote. Tokeni."

"Nilikuwa natania tu, dada..."

"Toka, kaka yangu!"

Muuguzi alikuwa ameshaingia, akavuta pumzi moja, akapaza sauti mtu yeyote asiguse swichi ya taa. Yeye ndiye aliyefunga mtungi na kusukuma madirisha, yote, saa moja asubuhi, vumbi likaingia kama mgeni aliyesubiri miaka. Sindano alinibeba. Sikumbuki kubebwa, nakumbuka tu nikiwa barabarani bila kiatu kimoja na malori yakipita, na Mama ameketi kwenye ukingo wa mtaro, amefunika uso kwa aproni.

Fundi wa gesi aliyeitwa baadaye alikuta mpira umepasuka nyuma ya jiko, pale unapojikunja. Alisema ulikuwa unavuja tangu mtungi ulipofunguliwa. Ni karibu dakika arobaini na tano. Nilikuwa nimekaa ndani ya hiyo gesi na kijiko changu na kitabu changu.

Sasa sikiliza kinachonitisha kuliko hayo yote. Bwana Vumbi alipofika, Sindano alimsimulia, na kama unavyojua watu wa maneno, hadithi ilibadilika njiani. Kwamba yeye alidhani ni mayai, lakini mpishi, kwa pua yake ile, alitambua gesi njiti ikiwa mkononi. Bwana Vumbi akamshika Mama mkono mbele ya watu. Akasema, "Si niliwaambia? Mkahawa huu unaendeshwa kwa pua." Amenunua mpira mpya. Amesema kuanzia sasa Mama ndiye atakayebadilisha mitungi mwenyewe, kwa sababu pua yake inaaminika kuliko fundi.

Watu walipiga makofi. Mama alitazama chini.

Ni muuguzi tu ambaye hakupiga. Alimsogelea Mama akamwuliza polepole, "Dada, kwani wewe hukusikia harufu tangu alfajiri?" Mama akasema alikuwa uani kwenye moshi. Muuguzi akasema, "Aha," akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia mguu wangu usio na kiatu.

Jioni nyumbani nilijaribu kusema. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari ili nisisahau. Nikamwambia, "Mama, Alhamisi ijayo?" Ndiyo maneno pekee yaliyotoka.

"Mpira ni mpya," akasema.

"Lakini Mama..."

"Tumevuka, mwanangu. Mtu akivuka mto harudi kuupima kina. Lala."

Lakini hakulala. Nilimsikia akifungua kopo la kahawa, anavuta pumzi, anafunga. Anafungua tena. Kisha akafungua chupa ya mafuta ya taa. Nilijua anatafuta, na nilijua hapati, na nikajifanya nimelala, kwa sababu hata hilo nimejifunza vizuri mwaka huu.

Kuna methali inayoanza na "mficha maradhi." Unaijua inavyoishia. Mimi siwezi kuimalizia kwa mkono wangu mwenyewe.

Mjomba, Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu darasa letu linahamia bweni la shule ya jirani kwa ajili ya mtihani. Ni wiki tatu. Wiki tatu Mama atafungua mtungi saa kumi na mbili, madirisha yamefungwa, na hakutakuwa na mtu wa kugonga kijiko. Nilimwambia sitaki kwenda. Alikasirika hadi akakataa kula. Akasema ameinama kwenye jiko lile ili mimi nifanye mtihani ule, na nisimfanye ameinama bure.

Na hata nikibaki, Mjomba, si umeona? Pua yangu ilikufa siku moja tu. Niligonga mara moja huku najua. Watu husema siri ya watu wawili si mzigo, kila mmoja hubeba upande wake. Hii yetu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeshika.

Ninachokuomba ni hiki. Usije kwa hasira, na usiache kazi. Mpigie Mama simu. Humsikiliza mtu mmoja tu duniani, naye ni kaka yake, ingawa hatakubali kamwe kwamba anakusikiliza. Mwambie amweleze Bwana Vumbi ukweli. Labda atamvua aproni, nami hilo naliogopa sana. Lakini labda pia atakubali uji na chai viendelee kuwa vya Mama, na mtu mwingine ashike mtungi na jiko la ndani, na madirisha yafunguliwe alfajiri, vumbi liingie likitaka. Ijumaa muuguzi aliniambia nje ya mkahawa, bila mimi kumwambia kitu, kwamba pua iliyopotea kwa mafua wakati mwingine hurudi polepole, na kwamba hospitalini kwao yupo daktari wa pua. Akasema, "Mwambie mtu unayemfahamu anayehitaji." Kisha akaenda zake. Mtu huyo hatakwenda kwa kuambiwa na mtoto wake. Kwa kuambiwa na wewe atakwenda.

Najua nimevunja kiapo. Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi, na ndiyo maana barua hii ina madoa. Lakini sitaki kukivunja nyuma ya mgongo wa Mama. Siri ndiyo iliyotufikisha hapa, na sitaki kuitibu kwa siri nyingine. Kwa hiyo nimeamua hivi, na nikiamua kwa maandishi naona kama naweza.

Bahasha siifungi. Kesho saa kumi na mbili nitakwenda mkahawani. Mafua yamepungua, pua inafanya kazi, nitanusa jiko kama kawaida. Kisha nitaiweka barua hii wazi juu ya kaunta, mbele ya kiberiti, ili asiweze kukichukua bila kuigusa. Nitarudi mezani kwangu. Nitagonga kijiko mara mbili. Nitangoja asome.

Stempu nimeshabandika. Posta iko mkabala na mkahawa. Atakayeifunga bahasha na kuvuka barabara ni yeye, si mimi. Akiichana, hutajua kamwe kwamba niliandika, na utaendelea kudhani hatujambo. Basi kama unaisoma sasa, Mjomba, huna haja ya kujiuliza kama Mama anajua. Amesoma kila neno kabla yako, na mate yaliyofunga bahasha hii ni yake. Mpigie leo leo.

Nisalimie Mkaza Mjomba, mwambie ile shali aliyonifumia ndiyo niliyojifunga Alhamisi. Nisalimie binamu zangu pacha, kaka mtu na yule mdogo wake wa dakika kumi, waambie wasipigane kwa ajili yangu. Ukimwandikia Bibi, usimweleze haya mpaka yaishe, mwambie tu mjukuu wake anasoma. Na mpishi wenu wa kambini, anayewapikia mayai alfajiri, msalimie pia, na umwombe awe anafungua dirisha.

Mungu akulinde na lami ya moto na mashine zake, akupe mgongo wa kijana, na akufikishe salama kila jioni kwenye hema lako.

Wako akupendaye, mpwa wako,

Kasuku Bubu